Mafunzo kwa wahudumu wa afya kuhusu wazee wanaojidhuru: tuanzie wapi?

Mratibu wa Mafunzo (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, heshima kwenu.

Ninaratibu mafunzo kazini katika hospitali moja ya wilaya, Kanda ya Ziwa, Tanzania, na nimepewa jukumu la kuandaa mafunzo ya siku mbili kwa matabibu, wauguzi, wafamasia na maofisa ustawi wa jamii kuhusu namna ya kumhudumia mzee aliyejidhuru kwa makusudi. Habari za vijana kujidhuru zinazungumzwa kila mahali, na walau zina mada zake katika mafunzo tunayopelekewa. Wazee hawatajwi. Tuna dirisha la wazee, tuna tangazo ukutani la kuwapisha wapate huduma kwanza, lakini akishafika mbele ya tabibu hakuna anayemuuliza habari za moyo wake.

Nieleze tunachokiona. Mzee aliyepita miaka 70 analetwa usiku akiwa amekunywa sumu ya shambani. Anatibiwa vizuri, anapewa atropini ya kupambana na sumu hiyo, anapona, kisha anaruhusiwa na faili lake limeandikwa kwamba alikunywa kwa bahati mbaya, kwa sababu ndivyo mwanawe alivyoeleza mapokezi. Mwenyewe hakuulizwa neno. Mwingine ana kisukari, amemeza dawa zake nyingi kwa mkupuo, nasi tunaandika kwamba alisahau akarudia dozi. Wa tatu hajanywa chochote. Ameacha tu kula, ameacha dawa za presha, amegeukia ukutani, na kila anayepita kitandani pake anasema ni uzee.

Ninaomba ushauri katika mambo yanayonitatiza. Je, muuguzi mwenye miaka 24 afundishweje kumuuliza mtu wa umri wa babu yake kama alitaka kufa, pasipo kuonekana amekosa adabu? Je, ipo fomu ya alama ambayo tukiijaza itatuambia nani yuko hatarini na nani arudi nyumbani? Suala la polisi na fomu yao ya PF3, ile ya majeruhi anayeletwa hospitali, tulifundishe vipi, maana baadhi ya watumishi wanaogopa kuandika ukweli kwenye faili? Na zaidi ya yote, je, siku mbili hizi zitabadilisha chochote, au tutagawa vyeti na kurudi kulekule?

Muuguzi wa Afya ya Akili

Mleta mada, nitajibu hilo la kwanza, kwa kuwa ndilo ninalolifanyia kazi kila siku, na kwa maoni yangu ndilo linalostahili nusu nzima ya mafunzo yako.

Kabla ya swali kuna mazingira. Mzee aliyezungukwa na wanawe hawezi kukuambia kwamba ugomvi wa shamba ndio uliomfikisha hapo, na mara nyingine mwenye kujibu kwa niaba yake ndiye chanzo chenyewe. Wafundishwe kuwaomba ndugu watoke kwa lugha ya kawaida ya kazi: "Naomba nimpime bibi, mtusubiri hapo nje kidogo." Hakuna atakayebisha. Kisha muuguzi avute kiti aketi, maana anayeulizwa akiwa amelala na anayeuliza akiwa amesimama juu yake na faili mkononi, hayo ni mahojiano ya kituoni. Ahakikishe mzee anasikia. Nimeshuhudia wazee wakiandikwa "hatoi ushirikiano" kumbe masikio ndiyo mazito.

Kuhusu adabu, shikamoo haikuzuii kuuliza jambo zito. Ndiyo inayokufungulia mlango. Anza na yaliyo karibu: maumivu, usingizi, chakula, anaishi na nani, nani anamteka maji. Kisha sogea: "Bibi, mtu akiumwa muda mrefu hivi hufika mahali akaona ni heri asingekuwepo. Nawe limekujia wazo hilo?" Akikiri, au akinyamaza, usirudi nyuma. Uliza waziwazi: "Ulipokunywa ile dawa, ulitaka kufa?" Wengi wanahofia kwamba kuuliza kutampandikizia wazo. Mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani, unaotumika kuwafundisha watoa huduma wasio mabingwa wa afya ya akili, unasema wazi kwamba kuuliza hakumsukumi mtu kujidhuru. Mara nyingi kunampunguzia hofu, kwa kuwa anajua amepata wa kumsikiliza.

Sehemu inayohitaji mazoezi zaidi ni kusikia jibu. Mzee wetu hasemi "nataka kujiua". Anasema "nimekula chumvi nyingi, inatosha", au "Mungu amenisahau huku", au "nimekuwa mzigo kwa watoto", au "nataka nimfuate bibi yenu". Hapo ndipo vijana wetu wanapoharibu kwa nia njema. Mmoja atajibu, "Usiseme hivyo babu, una wajukuu wazuri," na mazungumzo yameishia hapo, kwa kuwa mzee ameshaambiwa kwamba uchungu wake hautakiwi kusikika. Mwingine ataingiza utani: "Babu, unataka kutukimbia kabla hujanioa?" Wodi nzima itacheka, na babu naye atacheka. Utani wa babu na mjukuu ni mzuri wakati wa kumshawishi anywe uji. Katika suala hili unamfungia mdomo. Jibu linalofaa ni fupi: "Unaposema umechoka, umechoka na nini hasa?" Halafu kimya, hata kama kimya hicho kinakera.

Katika igizo, usimpe kijana nafasi ya kuigiza mzee. Watacheka na zoezi litakufa. Tafuteni muuguzi mstaafu au mhudumu wa siku nyingi, mtu ambaye washiriki wenyewe humwamkia, aketi kwenye kiti cha mgonjwa. Ugumu wa kumuuliza utakuwa wa kweli, na ndio mnaotaka waushinde.

Nyongeza moja ya kitabibu: mzee aliyechanganyikiwa ghafla huenda ana maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, malaria, sukari iliyoshuka au chumvi ya sodiamu iliyopungua mwilini. Tibuni hilo, mfuatilieni kwa ukaribu, kisha ulizeni tena akili ikitulia. Tathmini iliyofanywa mtu akiwa hajui alipo haina maana. Wala tatizo la kumbukumbu lisiwe sababu ya kutomuuliza kabisa.

Mtumishi Ughaibuni

Salamu kutoka kaskazini mwa Uingereza, ambako nauguza wazee katika timu inayoitwa wodini pale mgonjwa wa maradhi ya mwili anapoonekana ana shida ya afya ya akili pia. Nichangie suala la fomu ya alama na lile la iwapo mafunzo yanasaidia.

Kuhusu fomu, msiitafute. Mwongozo wa NICE, taasisi ya huku inayotoa miongozo ya tiba, uliotolewa Septemba 2022 kuhusu kujidhuru unaagiza kwamba vipimo vya alama visitumike kubashiri nani atajiua au atarudia kujidhuru, wala visitumike kuamua nani apewe huduma na nani aruhusiwe, na unakataza pia kuwagawa watu katika makundi ya hatari ndogo, ya kati na kubwa kwa lengo hilo. Sababu yake ni kwamba fomu hizi zinakosea mno: wengi wanaokuja kufa huwa walipangwa kundi la hatari ndogo, na wengi wanaopewa alama za juu hawafi kwa kujiua. Badala yake inatakiwa tathmini ya kisaikolojia na kijamii, yaani mazungumzo ya kina kama aliyoyaeleza mwenzangu hapo juu, yanayozaa mpango wa huduma.

Kwa wenye miaka 65 na kuendelea, mwongozo huo unataka tathmini ifanywe na mtu mwenye uzoefu na wazee waliojidhuru, atazame kwa makini dalili za sonona (ugonjwa wa huzuni nzito), uwezo wa akili na kumbukumbu, maradhi ya mwili, hali ya nyumbani na upweke, na aulize pia kama mzee mwenyewe ndiye anayemlea mtu mwingine. Hilo la mwisho naliona linatuhusu zaidi nyumbani kuliko huku, kwa sababu bibi anayelea wajukuu yatima akilazwa, kuna watoto waliobaki bila mtu, na huenda hofu hiyo ndiyo itakayomfanya aombe kuruhusiwa kabla hajapona.

Washiriki waambiwe pia kwa nini mzee achukuliwe kwa uzito kila anapojidhuru. Miongoni mwa vijana huwa kuna majaribio mengi sana kwa kila kifo kimoja, na makadirio mengine yanafika 200; kwa wazee uwiano unaotajwa mara nyingi ni majaribio manne hivi kwa kifo kimoja. Mwili wa mzee hauhimili sumu, huwa yuko peke yake, na nia yake mara nyingi ilishapangwa. Kwa hiyo yule mnayemwona wodini akiwa hai ndiye mliyepata nafasi naye, na "alikunywa kidogo tu" isiwe faraja.

Msichanganye zile fomu za kubashiri hatari na vipimo vya sonona, ambavyo vina kazi yake. Kile cha maswali 15 kwa ajili ya wazee, kinachojibiwa ndiyo au hapana, kinaweza kuulizwa kwa mdomo hata kwa asiyejua kusoma. Lakini angalieni: hakina swali hata moja la moja kwa moja kuhusu kujiua. PHQ-9, kipimo kingine cha sonona chenye maswali tisa, inalo, ni la tisa. Mtumishi anayedhani amemaliza kazi kwa kujaza kile cha kwanza ameliruka swali lenyewe.

Sasa, je, mafunzo yanasaidia? Mfano ninaoupenda ni wa kisiwa cha Gotland, Sweden. Mwaka 1983 na 1984 madaktari wa huduma za msingi wa kisiwa kile walifundishwa kutambua na kutibu sonona. Vifo vya kujiua vilipungua, siku za kulazwa kwa sonona zikapungua, na matumizi ya dawa zake yakaongezeka. Ila baada ya miaka kama mitatu hali ilirudi ilikokuwa, na karibu nusu ya madaktari waliofundishwa walikuwa wamehama kisiwani. Tena nafuu ile ilikuwa hasa kwa wanawake. Wanaume hawakuwa wakienda kwa daktari kueleza huzuni yao. Mtu yeyote anayezijua hospitali zetu za wilaya na uhamisho wake wa kila mwaka ataona mara moja linavyotuhusu.

Marekani walijaribu njia nyingine, na matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Katika utafiti uliohusisha kliniki 20 za huduma za msingi, baadhi ya kliniki ziliwekewa mtu maalumu wa kuwafuatilia wagonjwa wa sonona wenye miaka 60 na zaidi, kuwapigia simu, kuwakumbusha dawa na kumshauri daktari. Mawazo ya kujiua yalipungua upesi zaidi katika kliniki hizo. Kwa hiyo swali la siku ngapi za mafunzo ni dogo. Kubwa ni nani atabaki na daftari la ufuatiliaji mkishafunga ukumbi.

Tabibu wa Pwani

Naandika kutoka Kenya, upande wa Kilifi, kuhusu polisi tu.

Kwetu kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilikuwa kikimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, na adhabu yake ilikuwa kifungo kisichozidi miaka miwili, faini, au vyote viwili. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kwa miaka mingi familia zilikuwa zikituambia "alidhani ni dawa ya kikohozi" kwa kuhofia askari, nasi tulikuwa tukiandika hivyohivyo. Uamuzi wa mahakama haufuti mazoea hayo kwa siku moja. Katika mafunzo yetu tumelazimika kuwaambia watumishi kinagaubaga kwamba wakati wa kumpokea mgonjwa hawana kazi ya upelelezi, na kwamba faili lenye uongo linamnyima mgonjwa matibabu safari ijayo.

Upande wenu najua kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinalitaja kuwa kosa, kwa hiyo mwanasheria wa halmashauri aalikwe kwa saa moja aseme mtumishi anawajibika kwa nini hasa. Hofu isiyo na mipaka ndiyo inayozaa "bahati mbaya" nyingi katika mafaili.

Afisa Ustawi, Shinyanga

Nakubaliana na tabibu, na niongeze kwamba PF3 ni karatasi ya ushahidi, si kibali cha kutibiwa. Mzee aliyeletwa akitokwa povu atibiwe kwanza. Mambo mengine yatafuata. Hili liandikwe ubaoni siku ya kwanza.

Ninalotaka kusisitiza ni nyumbani anakorudi. Mafunzo mengi ya kitabibu yanaishia kwenye geti la hospitali, kana kwamba mzee akishatoka anahamia mahali pengine tofauti na pale alipojidhuria. Katika maeneo yetu wapo wanawake wazee wanaosingiziwa uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao ni mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi. Mama kama huyo akinywa sumu, kumpa dawa za sonona na kumrudisha kwenye nyumba ileile ni kumrudisha kwa wanaomtishia. Inabidi mtendaji wa kijiji, dawati la jinsia na watoto la polisi na ndugu anayeaminika wahusishwe kabla hajaruhusiwa, tena kwa ridhaa yake, maana taarifa ikimfikia mtu asiyefaa inaweza kumponza zaidi.

Wengine shida yao ni nyepesi kusema ila nzito kubeba: mjane aliyenyang'anywa shamba na mashemeji, mstaafu ambaye mafao yamekwisha na watoto hawapigi simu tena, mzee wa tezi dume anayenuka mkojo na kuona aibu kwenda msikitini. Katika wodi moja niliyowahi kufanya kazi, babu mmoja alikuwa akiulizwa kila asubuhi kuhusu hamu ya kula, na kila asubuhi alikuwa akijibu "sina". Siku alipowekewa mpira wa mkojo uliokaa vizuri, usiovuja kwenye shuka, aliomba uji. Sisemi huzuni yake iliishia hapo. Ila ni yeye mwenyewe aliyeanza kuzungumza jioni ile.

Suala la sumu nyumbani nalo lifundishwe kwa vitendo. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii akienda kumtembelea, aone kwa macho yake dawa za shamba zinakaa wapi, azungumze na familia zifungiwe kwa kufuli au zihifadhiwe kwa jirani, na ufunguo usikae kwa mgonjwa. Nchini Sri Lanka vifo vya kujiua vilipungua sana baada ya serikali kupiga marufuku viuatilifu vikali zaidi, hatua kwa hatua. Kupiga marufuku hakumo mikononi mwetu, lakini kufuli limo.

Mratibu wa Mafunzo (mleta mada)

Nawashukuru sana. Nimeshabadilisha ratiba: siku ya kwanza yote ni kuuliza na kusikiliza, na nimempata muuguzi mstaafu anayeogopwa na kila mtu hospitalini, ambaye amekubali kuwa "mgonjwa" wetu. Ile fomu ya alama niliyokuwa nimeidurufu nimeiondoa.

Yamebaki mawili. Kwanza, ndugu wanaogharamia matibabu wanadai kuambiwa kila alichosema mzee. Pili, mfamasia wetu amekataa kuhudhuria akisema mada haimhusu.

Muuguzi wa Afya ya Akili

Kuhusu ndugu, mwambie mzee tangu mwanzo: "Tutakayozungumza ni yako. Ila nikiona uhai wako uko hatarini nitamwambia mtu wa kukulinda, na tutachagua pamoja huyo mtu ni nani." Kisha familia ielezwe yanayohusu usalama: nani atakaa naye, dawa zifungiwe wapi, dalili zipi ziwafanye wamrudishe hospitali, lini tunamtaka kliniki. Aliyosema juu ya mkwe wake au shamba lake hayawahusu mpaka mwenyewe atakapotaka wayajue. Anayelipa bili hanunui siri za mgonjwa.

Panga pia ufuatiliaji wa mapema kwa yule ambaye bado ana dalili za hatari. Mwongozo alioutaja mwenzetu wa Uingereza unataka afuatiliwe ndani ya saa 48 baada ya tathmini, na kwetu hata simu ya mhudumu wa kijijini akiwa amekaa naye kibarazani inatosha kuanzia.

Mfamasia wa Kata

Mwambieni mfamasia mwenzangu kwamba yeye ndiye wa mwisho kumwona mzee huyo akitoka.

Amitriptilini inapatikana karibu kila duka la dawa, na ndiyo wengi huiandika kwa sonona kwa mazoea. Kwa mzee inaleta kuchanganyikiwa, kufunga choo, mkojo kukwama, kizunguzungu na kuanguka, na ikimezwa kwa wingi inaharibu mapigo ya moyo. Kumpa mtu aliyejidhuru juzi vidonge vya mwezi mzima ni kumkabidhi kile tunachotaka kumwepusha nacho. Fluoksetini, dawa nyingine ya sonona, ina hatari ndogo zaidi akizidisha, ingawa kwa wazee sodiamu ifuatiliwe, na daktari akumbushwe kwamba nafuu haiji ndani ya siku chache, kwa hiyo wiki za mwanzo ndizo za kumtazama kwa karibu.

Mimi hugawa dawa za wiki moja, na mtu wa familia aliyechaguliwa na mzee ndiye anayezichukua. Dawa za sukari, za presha na za usingizi zilizobaki nyumbani huomba ziletwe zote kwenye mfuko tuzihesabu pamoja, na zisizotumika hazirudi. Mara nyingi mfuko huo una dawa za marehemu mume wake pia. Mpeni mwenzangu nusu saa katika siku ya pili, na mpeni zoezi la mfuko huo.